Sura ya Sita: Furaha ya Mfungaji, Heshima ya Aliyefungwa

Usiku wa tarehe 2 Desemba 2022, katika Uwanja wa Lusail nchini Qatar, Cameroon na Brazil zilikuwa zimeingia dakika za nyongeza bila nyavu kutikisika. Krosi ya Jérôme Ngom Mbekeli ikatoka upande wa kulia, nahodha Vincent Aboubakar akaifuata katikati ya mabeki na kuipiga kwa kichwa hadi wavuni. Akakimbilia pembeni, na kabla wenzake hawajamfikia jezi ilikuwa imeshamtoka mwilini. Dakika kama kumi tu zilizopita alikuwa ameonyeshwa kadi ya njano. Kila aliyekuwa akitazama alijua kinachofuata, na bila shaka yeye mwenyewe pia alijua.

Refa Ismail Elfath, Mmarekani mzaliwa wa Morocco, alimwendea huku akitabasamu. Akampa mkono, akamgusa kichwani kwa upole, kisha akatoa kadi ya njano na baada yake nyekundu. Aboubakar akatoka uwanjani kwa furaha, bila ubishi wala kinyongo. Cameroon ikashinda 1-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kuifunga Brazil kwenye Kombe la Dunia. Usiku huohuo ikaaga mashindano, kwa kuwa Uswisi ilikuwa imeifunga Serbia kwenye mechi nyingine ya kundi hilo.

Ni nadra kuyaona mambo matatu yakikaa pamoja kama yalivyokaa pale: sheria ilitekelezwa, mfungaji hakunyimwa furaha yake, na Wabrazil waliofungwa hawakudhalilishwa na mtu yeyote. Mara nyingi moja kati ya hayo hupotea. Refa hutoa kadi kwa hasira, au mfungaji huikimbiza furaha yake usoni kwa mpinzani, au wachambuzi huamka kesho yake na kuita dharau jambo ambalo halikuwa dharau hata kidogo. Sura hii inatafuta mpaka ulipo. Naamini mpaka huo upo na unaonekana kwa macho. Hauko kwenye ukubwa wa mshangilio, wala urefu wake, wala kama mtu amecheza ngoma au amesimama kimya. Uko kwenye jambo moja: mshangilio huo umeelekezwa kwa nani.

Kutoka kupeana mikono hadi kucheza ngoma

Ukitazama filamu za zamani za soka la Uingereza, utamwona mfungaji akigeuka, akipeana mkono na mwenzake mmoja au wawili, kisha akirudi upande wake kwa mwendo wa taratibu. Wako wanaoikumbuka hali ile kama enzi ya uungwana wa kweli. Lakini ile ilikuwa adabu ya mahali fulani na wakati fulani, katika jamii iliyofundisha wanaume wake kuficha kilichomo moyoni. Kuificha furaha hakukuwa na maana kwamba mchezo ulikuwa safi zaidi. Mabeki wa enzi hizo walivunja miguu ya watu na kubaki uwanjani.

Televisheni ndiyo iliyoifanya furaha ya mfungaji kuwa mali ya dunia nzima. Mwaka 1982 jijini Madrid, Marco Tardelli aliifungia Italia bao la pili katika fainali dhidi ya Ujerumani Magharibi, akakimbia huku akitikisa ngumi, machozi yakimlenga, akipiga kelele kama aliyepagawa. Miaka minane baadaye, kwenye Kombe la Dunia lililofanyika Italia kwenyewe, Roger Milla wa Cameroon, mzee wa miaka 38, alikuwa akiingia kutoka benchi, akifunga na kukimbilia kibendera cha kona kukata kiuno. Alifunga mabao manne: mawili dhidi ya Romania na mawili dhidi ya Colombia, moja kati ya hayo baada ya kumpokonya mpira kipa René Higuita aliyekuwa akifanya mbwembwe mbali na lango lake. Cameroon ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali, na kiuno cha Milla kikaingia kwenye kumbukumbu ya mchezo huu pamoja na mabao yenyewe.

Tarehe 9 Julai 1994 mjini Dallas, Bebeto wa Brazil aliifunga Uholanzi, akakimbilia pembeni na kuanza kubembeleza mtoto asiyeonekana mikononi mwake. Mwanawe alikuwa amezaliwa siku mbili tu kabla. Mazinho na Romário wakajipanga kando yake wakibembeleza naye. Hadi leo baba akifunga bao baada ya kupata mtoto, iwe Ulaya au kwenye uwanja wa vumbi wa kijijini, hurudia kitendo hicho.

Watazame wote watatu kwa makini. Tardelli alikuwa akikimbilia benchi lake, Milla alikuwa na kibendera, Bebeto alikuwa na mtoto wake. Hakuna hata mmoja aliyemtazama Mjerumani, Mcolombia au Mholanzi aliyefungwa. Furaha zao zilikuwa kubwa kupita kiasi, na hazikumgharimu mtu heshima yake.

Sheria inasema nini

Sheria za soka hutungwa na bodi ya kimataifa ijulikanayo kwa kifupi kama IFAB, na suala la kushangilia limo ndani ya Sheria ya 12. Wachezaji wanaruhusiwa kushangilia, ila wasipitilize. Mishangilio iliyopangwa na kufanyiwa mazoezi haihimizwi, na isitumike kupoteza muda. Kutoka nje ya uwanja kushangilia si kosa kwa lenyewe, mradi mchezaji arudi mapema. Kadi ya njano hutolewa kwa anayepanda uzio au kuwaendea watazamaji kwa namna inayohatarisha usalama, anayefanya vitendo vya uchokozi au dhihaka, anayefunika uso kwa barakoa, na anayevua jezi au kujifunika nayo kichwa. Kadi hiyo hubaki hata kama bao lenyewe litakataliwa.

Katazo la uzio lina sababu ya wazi. Desemba 2004 nchini Uswisi, Paulo Diogo wa Servette alirukia uzio kushangilia bao la timu yake. Pete yake ya ndoa ikanasa, na aliporuka chini kidole kikabaki huko. Refa akamwonyesha kadi ya njano. Lomana LuaLua, mzaliwa wa Kinshasa aliyejulikana kwa sarakasi zake za kupinduka hewani, aliisawazishia Portsmouth dhidi ya Arsenal mwezi Aprili 2006, akapinduka kama kawaida yake na kuumia kifundo cha mguu. Mwaka 2014 mchezaji mmoja wa ligi ya Mizoram, India, alifariki baada ya kuumia uti wa mgongo katika sarakasi kama hiyo. Furaha inaweza kuumiza, na angalau kwenye uzio sheria inamlinda mchezaji dhidi ya furaha yake mwenyewe.

Katazo la jezi ni suala lingine. Tarehe 11 Julai 2010 jijini Johannesburg, Andrés Iniesta aliipa Hispania Kombe la Dunia katika dakika ya 116. Alipovua jezi, fulana ya ndani ilikuwa na maneno ya kumkumbuka rafiki yake Dani Jarque, nahodha wa Espanyol aliyefariki mwaka uliotangulia. Refa Howard Webb akamwonyesha kadi ya njano. Kwa sheria iliyoandikwa, Webb hakuwa na njia nyingine. Lakini sheria inayompa mwenye kuomboleza kadi ileile anayopewa mwenye kudhihaki imepima kitambaa na kuacha kupima nia.

Na kadi ya njano si jambo dogo. Tarehe 28 Juni 2018, Senegal na Japani zilimaliza hatua ya makundi ya Kombe la Dunia zikiwa sawa kwa pointi, kwa tofauti ya mabao, kwa idadi ya mabao, na zenyewe kwa zenyewe zilikuwa zimetoka sare. Zikahesabiwa kadi. Japani ilikuwa na njano nne, Senegal sita. Senegal ikawa timu ya kwanza katika historia ya Kombe la Dunia kutolewa kwa kigezo hicho cha uchezaji wa kiungwana, ilhali Japani ilitumia dakika za mwisho za mechi yake na Poland kupigiana pasi za nyuma ikilinda kipigo cha 1-0. Kadi za Senegal hazikutokana na kushangilia, lakini somo liko palepale: kipande kile cha plastiki kinaweza kulitoa taifa zima mashindanoni, kwa hiyo ni haki kitolewe kwa kosa la kweli.

Furaha inapogeuka dharau

Mfano ninaourudia kila ninapofikiria suala hili ni Emmanuel Adebayor. Julai 2009 mshambuliaji huyo wa Togo alihama Arsenal kwenda Manchester City. Tarehe 12 Septemba timu hizo zikakutana Manchester, na mashabiki wa Arsenal hawakumwacha apumue. Baadaye alisimulia jinsi alivyotukanwa yeye na wazazi wake tangu alipokanyaga uwanja. Katika dakika ya 80 akafunga kwa kichwa. Wenzake walipokuja kumkumbatia akawapita, akakimbia karibu urefu wote wa uwanja hadi upande walikokaa watu wa Arsenal, akateleza kwa magoti mbele yao na kutandaza mikono. Vitu vikaanza kurushwa kutoka jukwaani, walinzi wakahangaika kuwazuia watu. City ikashinda 4-2. Chama cha soka cha Uingereza kikamtoza faini ya pauni 25,000 na kumpa adhabu ya mechi mbili iliyosimamishwa. Alifungiwa pia mechi tatu kwa kumkanyaga Robin van Persie katika mechi hiyohiyo.

Namwelewa Adebayor. Mtu aliyetukaniwa mama yake kwa zaidi ya saa nzima ana haki ya kuumia. Hata hivyo, miongoni mwa wale aliowakimbilia walikuwamo watoto na wazee ambao hawakufungua midomo yao kumtukana. Mshangilio uliolenga jukwaa zima hauwezi kumchagua mwenye hatia na kumwacha asiye na hatia. Umeelekezwa kwa mpinzani, umekusudia kuchoma, na ulihatarisha usalama wa maelfu. Hapo mpaka ulivukwa, na adhabu ilikuwa halali. Kosa lililobaki bila dawa ni la upande wa pili: waliotukana walirudi nyumbani kwao salama. Ikiwa mchezaji anawajibishwa kwa kujibu, basi anayeanza kutukana awajibishwe kwanza.

Robbie Fowler wa Liverpool aliwahi kupita njia hiyohiyo Aprili 1999. Mashabiki wa Everton walikuwa wakimzushia kwamba anatumia dawa za kulevya. Alipofunga penalti akainama juu ya chaki ya mstari wa goli na kujifanya anaivuta puani. Klabu yake ilimtoza faini ya pauni 60,000. Alijibu tusi kwa kitendo ambacho watoto waliompenda walikuwa tayari kukiiga.

Iko mishangilio migumu zaidi kuamua. Mwezi Juni 2018 mjini Kaliningrad, Granit Xhaka na Xherdan Shaqiri wa Uswisi walifunga dhidi ya Serbia na kila mmoja akapishanisha viganja vyake kuunda tai mwenye vichwa viwili, alama ya bendera ya Albania. Familia zao zinatoka Kosovo, na baba yake Xhaka alifungwa jela katika Yugoslavia ya zamani kwa kushiriki maandamano. FIFA iliwatoza faranga 10,000 kila mmoja. Je, walikuwa wakiwaambia Waserbia au wakiwaambia wazazi wao? Naona walifanya yote mawili. Ndiyo maana kesi za namna hii zinastahili kusikilizwa kwa undani na kuadhibiwa kwa kiasi, kama ilivyofanyika. Alama iliyobeba historia ya damu husomwa na kila upande kwa kidonda chake.

Ilinganishe na walichofanya wachezaji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mjini Abidjan, tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Ivory Coast. Wimbo wa taifa ulipopigwa, walifunika midomo kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine wakaelekeza vidole kichwani kama bastola, kuikumbusha dunia mauaji ya mashariki mwa nchi yao na ukimya unaoyazunguka. Ulikuwa ujumbe mzito, tena wa kisiasa. Lakini Ivory Coast hawakuwa walengwa, wala hakuna raia wake aliyedhalilishwa.

Mbwembwe za mpira mguuni

Dharau haisubiri bao. Ipo pia ndani ya uchezaji, na hapa ubishi ni mkali zaidi, maana chenga, tobo na kanzu ndiyo vitu vinavyotufanya tulipe kiingilio. Mwaka 2007 kijana Kerlon wa Cruzeiro ya Brazil alikuwa akikimbia na mpira akiudundisha juu ya paji la uso, na beki wa Atlético Mineiro akamkata kwa nguvu hadi kadi nyekundu ikatoka. Katika fainali ya Kombe la Mfalme la Hispania mwezi Mei 2015, Barcelona ikiongoza 3-1 na muda ukiyoyoma, Neymar aliuinua mpira kwa visigino kutaka kumpitishia beki wa Athletic Bilbao juu ya kichwa. Wachezaji wa Bilbao wakamvamia kwa hasira. Yeye akajitetea kwamba huo ndio uchezaji wake tangu utotoni. Kocha wake mwenyewe, Luis Enrique, alisema anawaelewa waliokasirika.

Machi 2025 Memphis Depay wa Corinthians alisimama juu ya mpira kwa miguu yote miwili katika dakika za mwisho za fainali ya jimbo la São Paulo dhidi ya Palmeiras, na ugomvi ukazuka. Siku chache baadaye shirikisho la soka la Brazil likawaagiza marefa watoe kadi ya njano na mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja kwa yeyote atakayefanya hivyo. Taifa lililoifundisha dunia kuupenda mpira wa madoido likaweka adhabu kwa doido moja.

Kwangu, kipimo ni kilekile. Chenga inayompita mtu kwenda golini ni mpira, hata ikimwacha beki amekaa chini na uwanja mzima ukicheka. Beki ana mguu wake na akili yake, na nafasi ya kulipiza ipo. Lakini mbwembwe inayosubiri mpaka mechi imeshaamuliwa, isiyoelekea golini wala kwa mwenzako, iliyokusudiwa tu kumwonyesha aliyeshindwa kwamba ameshindwa, hiyo inaelekezwa kwake binafsi. Haistahili kujibiwa kwa rafu, kwa sababu mguu uliovunjika haurudishi heshima ya mtu. Inastahili neno la kocha wake mwenyewe, tena siku hiyohiyo.

Nani ameruhusiwa kucheza?

Septemba 2022 Hispania ilijadili kwa siku kadhaa kama Vinícius Júnior wa Real Madrid ana haki ya kucheza ngoma akifunga. Koke, nahodha wa Atlético Madrid, aliulizwa kabla ya mechi ya watani wa jiji na akasema kwamba Vinícius akicheza kwenye uwanja wao patatokea vurugu. Katika kipindi cha televisheni, wakala wa wachezaji aitwaye Pedro Bravo alisema kijana huyo awaheshimu wenzake na aache kufanya unyani. Baadaye Bravo aliomba radhi na kudai alitumia msemo wa kawaida. Vinícius akajibu kwa video: kinachowaudhi watu ni furaha ya Mbrazili mweusi aliyefanikiwa Ulaya, na yeye hataacha kucheza.

Tarehe 18 Septemba, nje ya uwanja wa Atlético, makundi ya mashabiki yaliimba wazi kwamba Vinícius ni nyani. Ndani, Rodrygo akafunga bao la kwanza, akakimbilia kwenye kona pamoja na Vinícius, na wakacheza. Real ikashinda 2-1. Januari 2023 sanamu iliyovalishwa jezi yake ilikutwa imenyongwa darajani jijini Madrid. Mwezi Mei mwaka huohuo alitukanwa Valencia hadi mechi ikasimama. Juni 2024 mahakama ikawahukumu mashabiki watatu wa Valencia kifungo cha miezi minane, hukumu ya kwanza ya aina hiyo Hispania kwa matusi ya kibaguzi ndani ya uwanja wa soka.

Sasa mweke kando ya Antoine Griezmann. Katika Kombe la Dunia la 2018, fainali ikiwamo, Mfaransa huyo alishangilia kwa mchezo alioutoa kwenye gemu ya Fortnite, wa kuweka vidole kwenye paji la uso kwa umbo la herufi L, inayomaanisha kwamba mpinzani ni mshindwa. Kwa maana yake halisi ule ulikuwa mdhihako, lakini wengi waliuchukua kama utundu wa kijana, na hakuna taifa lililokaa kujadili tabia yake. Wakati huo alikuwa akichezea Atlético Madrid.

Desemba 2022 jambo hilo likajirudia. Brazil iliifunga Korea Kusini 4-1, wachezaji wakacheza baada ya kila bao, na kocha Tite, mzee wa miaka 61, akajiunga nao. Katika studio ya televisheni ya Uingereza, Roy Keane alisema ni kuwakosea heshima Wakorea. Lucas Paquetá alieleza kwamba ile ni alama ya furaha yao na hawakumchezea mtu usoni. Siku nne baadaye Brazil ikatolewa na Croatia kwa penalti, na wapo walioona kwamba ngoma ndiyo imelipwa, ingawa waliokosa penalti hawakuzikosa kwa sababu ya kucheza.

Keane ana haki ya kupenda ukimya. Lakini adabu ya kwao si sheria ya dunia. Kwa watu wa Bahia, Douala, Kinshasa au Tanga, kucheza ngoma ni namna ya kumshukuru Mungu, kumkaribisha mgeni, kumsindikiza bibi harusi. Anayemtaka Vinícius asimame wima kama mwanajeshi ili aitwe mwungwana anamtaka aazime mwili wa mtu mwingine. Kama ngoma imechezwa kwenye kona, kati ya wenzake, na mgongo umeelekezwa kwa mpinzani, basi anayeita hiyo dharau ajiulize kinachomuudhi ni mchezo au mchezaji.

Kutoka Lubumbashi hadi Kariakoo

Mfano mzuri kuliko wote wa furaha isiyomgusa mtu umetoka kwa watu wetu wanaosema Kiswahili Katanga. Tarehe 14 Desemba 2010 jijini Abu Dhabi, TP Mazembe ya Lubumbashi iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Kila bao lilipoingia, kipa Robert Kidiaba, mwenye msuko wake mrefu kisogoni, alikaa chini, akanyoosha miguu na kurukaruka kwa makalio kwenye eneo lake la hatari. Wapinzani walikuwa mwisho mwingine wa uwanja. Inter Milan ikaifunga Mazembe 3-0 katika fainali, lakini dunia iliyosahau matokeo bado inamkumbuka Kidiaba.

Dar es Salaam nayo ilimpata Mkongo wake. Fiston Mayele alikuja Yanga mwaka 2021, na staili yake ya kushangilia kwa kutetema ilitoka uwanjani ikaingia mitaani. Msimu wa 2022/23 alifunga mabao 17 ya ligi na kuwa mfungaji bora sawa na Saidi Ntibazonkiza wa Simba, kisha akawa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika kwa mabao saba, Yanga ikifika fainali. Hata watoto wenye jezi nyekundu za Simba walijikuta wakitetema. Mwaka 2023 akahamia Pyramids ya Misri, na tarehe 1 Juni 2025 akafunga katika mechi ya marudiano ya fainali iliyoipa klabu hiyo taji lake la kwanza la Ligi ya Mabingwa Afrika.

Sisi tuna bahati ya kuwa na kitu ambacho Madrid na Manchester hawana. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi, na utani ni taasisi yenye kanuni zake. Mtani ana ruhusa ya kukucheka mbele ya watu, hata msibani kwako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayewajibika kusaidia shughuli za mazishi yako. Ruhusa ya kucheka imelipiwa na wajibu wa kusitiri. Ndiyo maana vidole vitano vya Simba baada ya 5-0 ya mwaka 2012, na vidole vitano vya Yanga baada ya 5-1 ya Novemba 2023, vinaweza kunyooshwa mtaani na watu wakaendelea kunywa chai meza moja. Mabao sita ya Simba ya mwaka 1977 bado yanatajwa hadi leo na mjukuu ambaye babu yake ndiye aliyekuwapo.

Utani huo huoza pale wajibu unapoondolewa na kubaki kicheko peke yake: mchezaji aliyekosa penalti anapoandamwa mtandaoni mpaka mkewe na watoto wanatajwa, au shabiki anapopigwa kwa rangi ya jezi yake. Anayefanya hivyo hawezi tena kujiita mtani.

Waliochagua kutoshangilia

Wako pia walioiacha furaha yao mfukoni. Aprili 1974 Denis Law, akiichezea Manchester City, aliifunga kwa kisigino Manchester United aliyoitumikia miaka 11, akaondoka ameinamisha kichwa. Novemba 2000 Gabriel Batistuta aliifungia Roma dhidi ya Fiorentina, klabu yake ya zamani, na akalia. Novemba 2022 Breel Embolo, mzaliwa wa Yaoundé, aliifungia Uswisi dhidi ya Cameroon, akasimama na kuinua mikono kuomba radhi kwa nchi aliyozaliwa.

Na Julai 2014 mjini Belo Horizonte, Ujerumani ilikwenda mapumziko ikiwa imeifunga Brazil 5-0 nyumbani kwake. Mats Hummels alieleza baadaye kwamba walikubaliana chumbani wacheze kwa umakini mpaka mwisho na wasimdhihaki mwenyeji. Wakafunga mawili zaidi, mechi ikaisha 7-1, na hakuna aliyecheza danadana. Hiyo ndiyo heshima ya juu kwa aliyezidiwa: kuendelea kumchukulia kama mpinzani. Kumwonea huruma kwa kuacha kucheza kungemuumiza zaidi.

Wajibu wa mshindi

Tangu utotoni tunafundishwa kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni methali ya kweli, lakini inamtwika mzigo aliyeshindwa peke yake. Mshindi naye ana wa kwake, tena mwepesi zaidi, kwa kuwa furaha iko upande wake.

Kwa IFAB: futeni kadi ya jezi, na adhabu ibaki kwa dhihaka, uchokozi na hatari. Refa aliye na macho anaweza kutofautisha hayo, na Elfath alionyesha kwamba hata sheria kali inaweza kutekelezwa kwa moyo mwema. Kwa wachambuzi: kabla hamjaiita ngoma dharau, semeni imemdharau nani, na kwa kitendo gani. Kwa vilabu: anayetukana jukwaani afuatwe kwa jina lake, kama mahakama ya Valencia ilivyofanya.

Nawe mwalimu unayefundisha watoto mpira shuleni au mtaani, usiwakataze kucheza wakifunga. Waache wateteme, wasujudu, wabebane mgongoni, wakimbie mpaka wachoke. Wafundishe jambo moja tu: furaha wampelekee aliyewapa pasi, na mkono wampe waliyemfunga.